TAHADHARI: Muuza "vioo vya baridi" na taa yake nyekundu

Yule jamaa wa kisanduku, anayeuza vioo vya madirisha akidai vinazuia joto la jua, bado anazunguka, na watu wanaendelea kulizwa. Waliolizwa wananyamaza kwa aibu, naye anatajirikia aibu yao. Basi yasemwe hadharani.

Mtazameni anavyofanya. Ndani ya kisanduku kuna taa nyekundu ya joto, ile ya kulelea vifaranga, wati 250. Mbele yake anachomeka kioo cha kawaida. "Weka mkono hapa." Unaweka, unaungua, unauondoa. Anakitoa, anachomeka chake. "Haya, rudisha." Joto hulisikii. Wala hasemi kitu, anakuacha ujishawishi mwenyewe, kisha anakunjua karatasi iliyoandikwa "huzuia infraredi 99%" (infraredi ni mionzi ya joto isiyoonekana kwa macho), mkataba ukiwa chini yake. Nani asingeamini? Mkono ni wako, hukusimuliwa na mtu. Anayewacheka waliosaini hajawahi kusimama mbele ya taa ile.

Uongo uko kwenye taa. Nishati yake karibu yote ni infraredi. Ya jua inayofika dirishani ni infraredi kwa takriban nusu tu. Sehemu kubwa ya inayobaki ni mwanga tunaouona, na mwanga huo ukigonga sakafu na kuta hugeuka joto vilevile. Tena hiyo 99% mara nyingi hupimwa kwenye kipande chembamba cha infraredi, chenye mawimbi ya urefu wa nanomita 900 hadi 1000, wala si kwenye jua zima. Akihamia kwenye "urujuanimno 99%" (ile mionzi ya jua inayounguza ngozi), kioo chochote cha tabaka mbili zilizogandishwa kwa plastiki hufanya hivyo, na joto linapita.

Namba ya kumdai ni kipimo cha g, ambacho Wamarekani hukiita SHGC: sehemu ya joto la jua inayoingia ndani. Kioo kimoja kisicho na rangi cha milimita 6 kina kama 0.82. Nyumba ya nchi ya joto yenye madirisha yanayopigwa na jua itafute 0.40 kushuka chini. Kwenye baridi kali ni kinyume, jua linatakiwa liingie, na linalobana zaidi ni kipimo cha U, yaani joto linalovuja kwenda nje, namba ikiwa ndogo ndiyo nzuri. Huyu anauza kioo kilekile kwa wote wawili!

Na kwenye U ana wizi mwingine, huu ndio unaotia hasira kuliko yote. Anakuonyesha 0.48 ya kwake kando ya 1.1 ya mshindani. Ya kwake iko kwenye vipimo vya Kimarekani, ya mshindani kwenye vya kimetriki. Zidisha kwa 5.678 upate 2.7, ambayo ni kioo cha kawaida cha tabaka mbili, hakina utando (tabaka jembamba mno la metali linalorudisha joto) wala gesi iliyojazwa kati ya vioo. Ile 1.1 ndiyo yenye utando wa fedha na gesi ya agoni. Mtu anayejua kupanga namba namna hiyo hakukosea. Arudishe pesa zote, anyang'anywe leseni, ashitakiwe, na fundi anayemfungia vioo hivyo ajibu pamoja naye.

Maana kinachofika mlangoni ni vioo viwili vya tinti vilivyobandikwa kwa silikoni, bila chembechembe za kunyonya unyevu kwenye kitenganishi, ule ukanda unaoviachanisha vioo pembeni. Unyevu ukishaingia kati, kioo kinabaki na ukungu usiofutika. Tinti nyeusi nayo hunyonya jua, inachemka, inarudisha joto chumbani, na pembeni penye kivuli kioo hupasuka.

Dalili, kwa haraka: hatoi g wala U ya dirisha zima pamoja na fremu, nafasi kati ya vioo ni milimita 6 badala ya 12 hadi 16, kitenganishi hakina chapa ya kiwanda, anasema utando wa fedha umepakwa upande wa nje, wakati utando huo huharibika kwa hewa na lazima ufungiwe ndani.

Kama vioo vimeshafika, subiri giza, simama nje, washa kiberiti karibu na kioo na utazame kwa mshazari. Utaona miali minne. Mmoja lazima uwe na rangi tofauti: wa pili kutoka kwako kwa nchi ya joto, wa tatu kwa nchi ya baridi. Ikiwa yote minne ina rangi moja, utando hakuna. Usimalizie malipo, piga picha, nenda polisi na ule mkataba.