TAHADHARI: Boksi la Spitfire, ndani ndege nyengine

Assalam aleikum jamaa zangu. Kuna muuzaji yupo Mjini Unguja anauza ndege za kivita za plastiki, zile za kuunga wenyewe kwa gundi na kupaka rangi. Anajitangaza kwa picha za WhatsApp na anasema mzigo wake umetoka Uingereza kwa kontena la mtumba. Kama hujamtumia pesa, usitume. Kama umeshatuma na boksi halijapanda boti, soma mpaka chini.

Mimi nipo Chake. Nimenunua kwake Spitfire Mk IX, yaani toleo la tisa la ndege hiyo ya kivita ya Waingereza, ya skeli ya 1/48 (ndogo mara 48 kuliko ndege ya kweli), shilingi 90,000 pamoja na gundi na rangi. Boksi lilishuka Mkoani likiwa zima, limevishwa nailoni mpya inang'aa. Watu wa boti hawana kosa lolote hapa. Nailoni hiyo ndiyo ya kutilia shaka, maana mzigo wa mtumba hauji umevishwa nailoni ya jana. Mtu kaufungua, kafanya yake, kaufunga tena.

Nikachukua rula. Spitfire yenyewe, ncha ya bawa hadi ncha ya bawa, ni mita 11.23. Ukigawa kwa 48 unapata sentimita 23 na kidogo, ukigawa kwa 72 unapata 15 na nusu. Bawa la chini kwenye boksi langu lilikuwa kipande kimoja, na rula ilisoma 15 na nusu. Yaani juu nimeuziwa 1/48, ndani nimewekewa 1/72, ambayo bei yake huwa chini sana. Nikampigia. Akanambia plastiki husinyaa kwa joto la kontena! Theluthi nzima isinyae, na mistari ya mabati iliyochorwa kwenye bawa ibaki imenyooka vile vile, na matundu ya kuingizia magurudumu yabaki duara. Kama kuna kontena la namna hiyo, na mimi nataka kuliona.

Tena hata hiyo ndogo si Mk IX. Ndege hii ilitoka 1942, Waingereza walipobanwa na Focke-Wulf 190 ya Wajerumani. Walitia injini mpya ya Merlin yenye nguvu zaidi huko juu angani, na injini ile ilitaka kupozwa zaidi. Ndiyo maana Mk IX ukiipindua tumbo juu utaona rejeta mbili kubwa za mraba, moja kila bawa, zinafanana. Mk V, toleo la tano lililoitangulia, ina rejeta ya mraba upande mmoja tu, upande wa pili ina kipozeo cha oili, kidogo na cha mviringo. Na rafadha ya Mk IX ina mapanga manne, ya Mk V matatu. Mimi nimekuta rafadha ya mapanga matatu na rejeta moja. Karatasi ya maelekezo, ambayo ni ya boksi la kweli, inataka nibandike kipande ambacho hakimo kwenye fremu yoyote, yaani zile fito za plastiki ambazo vipande huja vimeshikamana nazo. Herufi za fremu pia hazilingani: karatasi inataja A mpaka E, mimi ninazo fremu mbili hazina herufi kabisa.

Kioo cha chumba cha rubani hakikuwemo. Fremu nzima ya vioo imetolewa. Nilipolalamika, jawabu lake lilikuja haraka kuliko yote: vioo anavyo, 15,000, nitume kwa namba ile ile. Hapo ndipo nilipoielewa biashara yake. Boksi moja zima analigawa mara mbili, mara tatu, na kila kipande kinamrudishia pesa.

Sasa gundi, na hapa wenye watoto wasikilize. Gundi ya ndege hizi huyeyusha plastiki kidogo tu pale vipande vinapokutana, vikishika vinakuwa kitu kimoja. Kichupa alichonitumia kimebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono, na nilipokifungua kilinuka dawa ya kufutia rangi ya kucha. Hiyo ni asetoni. Nilitia tone kwenye ukingo wa fremu, si kwenye ndege. Plastiki ikalainika, ikawa inavutika kama ubani uliotafunwa. Kijana mmoja wa Wete aliyenunua kwake kaipaka moja kwa moja kwenye bawa la Messerschmitt, ndege ya Wajerumani, na bawa halikupona. Mvuke wake si wa kuvuta chumbani madirisha yakiwa yamefungwa, na moto usiusogeze karibu. Wengine wamepewa supaglu iliyomiminwa kwenye kichupa chengine. Hiyo inashika, lakini mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye vioo.

Nisimuonee kwa kila kitu. Stika zilikuwa za njano, na hilo si utapeli, ni uzee. Karatasi yake ibandikeni nzima kwenye kioo cha dirisha linalopigwa jua siku kadhaa, njano hupungua sana.

Mtu akikuuzia ndege hizi kwa simu, mwambie azitoe fremu zote, azipange sakafuni pamoja na rula, na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo, apige picha. Aliye mkweli hatakasirika. Huyu wangu alikasirika, akasema namvunjia heshima. Tazama pia jina linalotokea unapotaka kutuma pesa. Lake si lile analojitambulisha. Duka anasema lipo Darajani, lakini ukituma ndugu yako aende, leo wamefunga, kesho fundi anabadilisha kitasa. Sisi wa Pemba ndio anaotupenda zaidi, kwa sababu tunalipa kabla ya kuona. Bora mtu wako wa Mjini alifungue boksi mbele yake ndipo pesa itoke.

Mlioumia msifute meseji za muamala. Namba inayotumika kwa utapeli inaripotiwa kwa kuituma 15040, polisi ni haki yako kwenda, na malalamiko ya mnunuzi yanapokelewa na Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar. Sisi tuliokwishajuana tunakusanya picha za fremu na risiti ili tupeleke kwa pamoja; mwenye zake aniletee.

Kwa sasa anatangaza Mustang, ndege ya kivita ya Wamarekani, ya 1/32, "imebaki moja tu". Picha ya boksi hilo, lenye kona ya kushoto iliyochanika na kuzibwa kwa selotepu, ndiyo aliyomuonesha yule kijana wa Wete miezi iliyopita, na ikawa imebaki moja tu wakati ule pia.