Nimehamisha steshenari yangu kwenda Linux Mint: kilichokubali na kilichogoma

Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, jirani na chuo, yenye kompyuta tatu za mezani. Zote ni Dell OptiPlex 7040 za mtumba, prosesa ya Intel i5 kizazi cha 6, RAM GB 8, na SSD nilizoziongeza mwenyewe. Ni mashine nzuri. Lakini Oktoba 14, 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya Windows 10, na nilipozipima kama zinaweza kupokea Windows 11, zote tatu zilikataliwa. Windows 11 inataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8 pamoja na TPM 2.0, yaani chipu ya usalama.

Windows 10 haikuzimika siku ile, inaendelea kuwaka kama kawaida. Kilichokoma ni masasisho ya usalama. Mtu wa kuangalia muvi nyumbani anaweza kusubiri. Mimi kwa siku nachomeka flashi za watu wengi nisiowajua, na watu hao hao wanafungua barua pepe, akaunti zao za mkopo HESLB na Ajira Portal kwenye mashine zangu. Nywila zao zinapita mikononi mwangu, kwa hiyo jambo hili lilininyima raha kwelikweli.

Fundi wangu aliniambia, "Bosi, nakupigia Windows 11 kwa kuruka kile kipimo, nusu saa tu." Inawezekana, Rufus, programu ya kuandika mfumo kwenye flashi, ina chaguo hilo. Ila Microsoft wenyewe wanasema mashine isiyokidhi masharti haina uhakika wa kupata masasisho, na masasisho ndiyo niliyokuwa nayatafuta. Kununua mashine tatu za kizazi cha 8 kwenda juu nilipigiwa hesabu ya karibu milioni mbili. Hiyo sikuwa nayo. Ikabaki Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows.

Kitu kilichonisaidia kuliko vyote nilikifanya kabla hata ya kupakua chochote. Wiki nzima nilimwomba dada anayenisaidia kaunta aandike kwenye daftari kila kazi iliyoingia: mteja kaleta nini, katika faili la aina gani, na katoka na nini. Majina ya programu nilimwambia ayaache kwanza. Mwisho wa wiki nilikaa na lile daftari nikaona kitu ambacho miaka yote sikukiona. Kazi nyingi kabisa zilikuwa kuprinti PDF zilizotumwa WhatsApp, kujaza fomu mtandaoni, kutoa kopi na kuskani. Hizo zote zinafanyika ndani ya kivinjari au kwa mashine ya kopi yenyewe, na kivinjari hakijali chini yake kuna Windows au Linux. Mafaili ya Word yalifuata. Kisha pasipoti saizi. CorelDRAW, programu ya kubuni kadi na mabango, ambayo ndiyo niliyokuwa naiogopea kuliko zote, ilitokea mara sita tu: kadi za michango, kadi za harusi na bango moja la duka la dawa. Ila hizo kazi sita ziliingiza pesa nzuri kuliko kopi za siku nzima, kwa hiyo sikuweza kuzidharau.

Jumapili moja nikapakua Linux Mint 22, bando la karibu GB 3, nikaiandika kwenye flashi na kuiwasha kutoka hapo hapo kwenye flashi bila kugusa diski. Hii nawasisitizia wenzangu: unaweza kuujaribu mfumo mzima hivyo na usiharibu kitu. WhatsApp Web ilifunguka kwenye Firefox. Printa yangu ya Epson ya tangi ilitambuliwa yenyewe, na kwa upande wa kuskani Epson wana programu yao ya Linux inayoitwa Epson Scan 2. Siku ile ile nikaisakinisha kwenye mashine mbili. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04, Linux nyingine, na masasisho yake yatafika mwaka 2029.

Jumatatu asubuhi akaja kijana na flashi, mafaili yote yamegeuka shotikati. Anayefanya kazi hii anavijua virusi hivyo, ni ugonjwa wa kila siku wa steshenari. Kijana ameshachanganyikiwa, ripoti yake ya field imo humo, siku ya kuwasilisha ni hiyo hiyo. Nilichomeka kwenye mashine ya Linux, flashi ikafunguka na lile folda lake likaonekana palepale, pembeni ya zile shotikati. Kirusi kinaficha mafaili kwa alama ambayo Windows inaiheshimu. Mint inayaonyesha tu kama yalivyo. Na kwa kuwa kirusi chenyewe kimeandikwa kwa ajili ya Windows, hakikuwa na pa kuingilia. Nikanakili ripoti, nikafuta uchafu, akaprinti akaondoka. Kwa jambo hili peke yake sirudi nyuma kwenye mashine za kaunta.

Word ndiyo iliyonipa somo gumu. Dada mmoja wa mwaka wa tatu alileta utafiti wake, kurasa 62. Nikaufungua kwa LibreOffice, programu ya bure inayofungua mafaili ya Word, nikaupitia harakaharaka, nikaprinti. Alipofika yaliyomo akaniuliza, "Kaka, mbona sura ya nne inaanzia ukurasa wa 43 na hapa imeandikwa 41?" Kurasa zilikuwa zimefika 65. Nilimrudishia hela yake na kurudia kazi yote kwa gharama yangu, na alikuwa na haki.

Chanzo kilikuwa fonti. Kazi yake iliandikwa kwa Aptos, ambayo Microsoft waliifanya fonti ya kawaida ya Word kuanzia 2023. Kwa Calibri na Cambria kuna fonti mbadala za bure, Carlito na Caladea, zilizochongwa herufi kwa herufi zichukue nafasi ile ile, kwa hiyo mistari haisogei. Times New Roman na Arial nazo zina za kwao. Aptos haikuwa na pacha wa namna hiyo kwenye mashine yangu, LibreOffice ikaweka fonti nyingine pana zaidi, maneno yakashuka mstari, mistari ikashuka ukurasa. Tangu siku hiyo kuna karatasi kaunta imeandikwa kwa herufi kubwa: LETA PDF. Asiyejua, tunamwonyesha namna ya kuigeuza kwenye simu yake mwenyewe, haichukui dakika. Faili la Word tunalipokea kwa mteja anayetaka kurekebishiwa tu, na idadi ya kurasa tunamuuliza kabla ya kuprinti.

Pasipoti saizi nilihamishia GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha. Karatasi ya sentimita 10 kwa 15 inabeba picha nane za milimita 35 kwa 45. Nilitengeneza kiolezo mara moja, sasa ni kubandika tu.

CorelDRAW haitengenezwi kwa ajili ya Linux. Inkscape, programu ya bure ya kuchora, inafungua mafaili ya CDR, yaani ya Corel, lakini muundo wa faili hilo haukuwekwa wazi, waliouchambua ni watu wa kujitolea, na kadi zangu za zamani zenye maua na rangi za kufifia zilifunguka huku vitu vimehama. Nilijaribu pia kuweka Windows ndani ya VirtualBox, programu inayoendesha mfumo mmoja ndani ya mwingine. Kwa RAM GB 8 inatembea, ila mteja amesimama pembeni anataka jina la bibi harusi lisogezwe kidogo, na unasubiri. Programu ya mauzo na stoo niliyouziwa na jamaa mmoja wa mjini ilikataa kabisa, na nilipompigia alisema anatengeneza ya Windows tu. Hili lilinikera, maana hesabu zangu za miaka minne zimo humo na hazitoki kwa namna yoyote ile isipokuwa kuprinti. Anayenunua programu ya biashara leo, aulize kwanza kama inatoa data kwenda Excel.

Kwa hiyo mashine ya tatu imebaki Windows 10. Nimeisajili kwenye mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama, unaoishia Oktoba 13, 2026. Ukiingia kwa akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio ya kompyuta humo, hulipi. Flashi ya mteja haiigusi. Faili likitoka kaunta kwenda kule linapita kwenye Mint kwanza. Mwanzoni niliweka mifumo miwili kwenye diski yake moja, nikashangaa upande wa Linux unasoma D, sehemu ya diski ninayohifadhia mafaili, bila kuruhusu kuandika. Kumbe Windows inapozimwa huku ile huduma ya kuwaka haraka imewashwa, inaacha diski imefungwa nusu. Niliizima, D ikafunguka, lakini baadaye nikaona mfumo mmoja kwa mashine moja ni salama zaidi kwa dada wa kaunta.

Kila jioni tukifunga nachora upya kadi mbili tatu za zamani kwenye Inkscape, nikiitazama ya Corel kwenye skrini ya jirani. Zilikuwa violezo arobaini na moja. Zimebaki ishirini na sita, na zile za maua nimeziacha mwisho.