Kitabu cha nota za Prelude za Chopin, uzoefu wangu baada ya miezi minne

Nimekaa na hiki kitabu miezi minne, sasa ndo naweza kukisemea. Ndani kuna prelude (vipande vifupi) 24 za piano, opus 28 (ndo namba ya kazi yenyewe), zile mtunzi Chopin alizimalizia kisiwani Majorca, Hispania, baridi ya 1838 kuingia 1839 huku anaumwa. Nilikiagiza mtandaoni kikaja kona imekunjika, muuzaji nimemwandikia mara tatu kimya, ila wino umekolea, nota kubwa, na namba za vidole zipo.

Mi napiga kinanda kwaya, na kwetu wimbo ukiwa wa majonzi unaongeza sauti, waimbaji wanapanda, watu wanalia. Sasa fungua namba 4, E maina (minor, ufunguo wa huzuni), huku ni kinyume. Vipimo (baa) 25 tu, ukurasa mmoja. Mkono wa kulia hauna kazi kubwa, unashika nota B unagusa C unarudi B, tena na tena, kama mtu mwenye neno mdomoni na kila akitaka kulisema analimeza. Anayelia ni mkono wa kushoto, kodi (chord, nota kadhaa kwa pamoja) nane kila kipimo zinagongwa taratibu, sauti moja inashuka nusu toni, kidogo nyingine nayo inashuka, mpaka unasikia kifua kinabana. Wiki mbili za mwanzo nlikazania mkono wa kulia kama solo ya kanisani, ikawa zoezi tu. Usiku mmoja nkapunguza sauti watoto wasiamke, nkapiga kushoto peke yake, jamani, ile kodi ilipogeuka nliacha kupiga nkakaa tu.

Inapaza sauti mara moja tu, vipimo vya 16 na 17, halafu inafifia, inanyamaza kabisa, kodi tatu, basi. Ule ukimya usiukimbie. Hii na namba 6 ndo zilipigwa kwa ogani kwenye mazishi ya Chopin mwenyewe, kanisa la Madeleine, Paris, 1849.

Kama kinanda chako ukigonga taratibu au kwa nguvu sauti ni ileile, kitabu hiki usikinunue kwanza. Changu cha zamani kilikuwa hivyo na namba 4 ilikufa kabisa, mpaka nlipopata cha vibonye 88 vizito.

Sasa hivi nipo namba 20, C maina, vipimo 13, inaanza kwa kishindo kama watu wamebeba jeneza, kisha inashuka chini, halafu maneno yaleyale yanarudi kwa kunong'ona, na huo mnong'ono wiki ya tatu hii bado sijaupata.