TAHADHARI WALIMU: Kuna matapeli wa uhamisho wa kubadilishana, wana barua yenye nembo ya taifa na cheki namba yako wanayo

Walimu wenzangu, naandika nikiwa na hasira na sitaki mtu anitulize. Kuna watu wanakula hela za walimu wanaotafuta uhamisho wa kubadilishana, yaani walimu wawili kupeana vituo vya kazi, na hivi majuzi wamekula yangu. Shilingi 330,000. Someni mpaka mwisho, halafu mtumie mwenzako yeyote aliyetangaza kwamba anatafuta mtu wa kubadilishana naye.

Baba yangu ni mgonjwa, hali yake mnaijua, sirudii. Mnajua pia kwa nini nataka Morogoro na si kwingine: wazazi wako huko. Kwa asiyenifahamu, nafundisha Kemia na Baiolojia sekondari huku Kalambo, Rukwa. Mwalimu wa sayansi akiomba kuhama jibu lake linajulikana: lete mbadala. Na mbadala wa Kemia na Baiolojia anayetaka kutoka Morogoro aje huku kwetu haokotwi njiani. Ndiyo maana nilitangaza kwenye makundi ya walimu kama tunavyofanya sote. Masomo ninayofundisha, halmashauri niliyopo, ninakotaka kwenda, namba ya simu. Basi.

Akanitafuta mwanamke mmoja. Huyu ndiye aliyenimaliza kabla hata ya mwanaume aliyenipigia baadaye. Alisema yuko Kilosa, anafundisha masomo yaleyale, mume wake kahamishiwa Sumbawanga na anataka kumfuata. Hakuniomba hata senti. Tuliongea ualimu mtupu. Aliniuliza kidato cha nne wanaosoma sayansi wako wangapi, na vitendo tunafanyaje. Akalalamika kwamba kwao Benedict, ile kemikali ya kupimia sukari, imeisha, mkuu wa shule anasema fungu hakuna, kwa hiyo wanafunzi wanakariri tu kwamba ukiipasha moto na sukari kama glukosi inageuka rangi ya matofali, wala hawajawahi kuiona ikigeuka. Sasa niambieni, tapeli gani anayajua hayo? Siku nyingine alinipigia jioni yuko zamu, nasikia kengele na watoto wa bweni wanasukumana foleni ya chakula, anakatiza maneno kuwakemea. Hiyo ni sauti ya mwalimu. Nilimwamini kwa sababu alikuwa mwenzangu, na mpaka leo naamini ni mwalimu kweli au aliwahi kuwa. Hilo ndilo linalonichoma kuliko hela.

Yeye ndiye aliyesema kuna mtu Dodoma, TAMISEMI, wizara inayosimamia halmashauri, anayefuatilia jambo letu. Mimi sikumtuma amtafute mtu.

Siku yenyewe ni Ijumaa, mapumziko ya saa nne. Mshahara umeingia jana yake. Nimekaa ofisi ya walimu, chai mezani, madaftari ya kidato cha pili hayajasahihishwa. Simu inaita, namba ngeni. "Habari za kazi, Madam. Unaongea na Dodoma, Utumishi." Sauti ya mtu mzima, haina papara. Akanisomea majina yangu matatu kama yalivyo kwenye salari slipu. Akanisomea cheki namba yangu, ile namba ya mtumishi wa serikali, tarakimu moja moja, taratibu, kisha akaniuliza, "Ndiyo yako hiyo?" Akanitajia mwaka niliopandishwa daraja. Nikasikia mtu anabisha hodi kwake, "Shikamoo mzee, naomba saini," naye anajibu, "Weka hapo, niko na mwalimu." Halafu akarudi kwangu: "Madam, faili lako na la mwenzako wa Kilosa yako mbele yangu. Orodha inafungwa leo saa nane. Ikifungwa mnasubiri mwakani."

Mtu asiniambie ningeshtuka kwa kuwa alipiga kwa namba ya kawaida. Mnajua wenyewe, ofisi ngapi zinatupigia kwa simu za mkononi? Zote.

Nikatoka nje mpaka kwenye mwembe, pale mtandao unapokamata. Akasema 180,000 ni gharama ya kuandaa vibali vyetu viwili, kila mmoja analipa upande wake, na mwenzangu ameshalipa. Sikutuma palepale. Nilikata, nikampigia yule mwanamke kuthibitisha. Akapokea anahema kwa furaha: "Dada, mimi nimeshatuma tangu asubuhi, tafadhali usituangushe." Nikatuma. Kumbe nilikuwa namuuliza mwizi habari za mwizi mwenzake.

Saa sita barua ikaingia WhatsApp. Nembo ya taifa juu, Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, kumbukumbu namba, YAH: KIBALI CHA UHAMISHO, nakala kwa wakurugenzi wa halmashauri zote mbili. Muhuri wa bluu umelalia saini kidogo, umefifia upande mmoja, vilevile inavyokuwa mihuri ya kweli inapokosa wino. Nililia. Nikampigia mama, na mama akaanza kutoa magunia kwenye chumba cha uani ili nipate pa kulala. Watu hawa wajue hilo pia walilifanya.

Mchana yule mtu wa Dodoma akapiga tena. Kibali kimetoka ila hakijaingizwa kwenye mfumo, na bila kuingizwa mkurugenzi hawezi kukiona: 150,000. Hiyo sikuwa nayo. Makato ya bodi ya mikopo ya elimu ya juu peke yake ni asilimia 15, na mengine mnayajua. Nikaichukua kwenye kikoba chetu cha shuleni. Fedha ya walimu wenzangu, waliochangia kwa shida, ikaenda mfukoni kwa mtu anayeigiza kupewa shikamoo! Baada ya hapo simu zote mbili hazikupatikana tena, na picha ya yule mwanamke ikatoweka.

Jumatatu nilikwenda na ile barua Matai, halmashauri. Afisa akaingia kwenye mfumo, hakuna kitu. Akaitazama barua, kisha akanionyesha kwenye simu yake barua ya mwalimu mwingine kabisa. Kumbukumbu namba ileile, tarehe ileile, jina tu limebadilishwa. Kwa hiyo siko peke yangu, na walioibiwa wamenyamaza kwa aibu huku watu hawa wanaendelea.

Nataka wafungwe. Msiniambie nisamehe, msiniambie Mungu atalipa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, na kughushi nyaraka na kujifanya mtu mwingine vimo ndani yake, basi itumike. Wakamatwe, wapelekwe mahakamani, na warudishe fedha za kila mwalimu. Huyu mwanamke akibainika kuwa ni mwalimu, Tume ya Utumishi wa Walimu imvue ualimu, asishike chaki tena mbele ya mtoto wa mtu. Anajua kabisa jinsi mwalimu aliye mbali na mzazi mgonjwa anavyokaa usiku. Alinisikiliza nikimweleza habari za baba, akanipa pole, akaniombea. Kisha akaniibia.

Na cheki namba yangu wameitoa wapi? Kwenye tangazo langu sikuiandika. Ila tunajua zile orodha za waliopandishwa madaraja zinavyorushwa kwenye makundi, majina matatu na cheki namba wazi, kila mtu anapakua. Wanaozirusha waache. Leo. Mnawapa wezi kazi iliyokwisha kufanywa.

Wengi wameniuliza dalili, naziandika kwa haraka. Kabla sijaweka namba ya siri, jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la kike na halikufanana na aliyenipigia, akasema ni mhasibu wa idara. Jina lisipofanana usitume, haidhuru awe na maelezo gani. Alinikataza kumwambia mkuu wa shule, eti "asije akaweka kipingamizi". Ombi la kweli litampita vipi mkuu wako? Barua imeandikwa tarehe ambayo ilikuwa Jumapili. Na kubwa kuliko yote, uhamisho unauomba mwenyewe kwenye ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma, kwa akaunti yako, unaona ombi limefika wapi, na kuomba hakulipiwi. Mtu akitaja hela ya kibali, ya mfumo, ya faili, ya nini sijui, kata simu. Sauti nzuri na hodi za mlangoni zisikubabaishe.

Namba zao siziweki hapa. Laini inaweza kuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiyejua lolote, na sitaki mwingine aumie kwa ajili yao. Nanyi pigeni *106# muone kama hakuna laini msiyoijua iliyosajiliwa kwa vitambulisho vyenu vya NIDA. Namba zao nimezituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu, na polisi wanazo pamoja na meseji zote za miamala. Nina RB, namba ya taarifa niliyofungua polisi. Kituoni wameniambia malalamiko yakiwa mengi juu ya watu walewale ufuatiliaji unakuwa rahisi zaidi. Kwa hiyo mwalimu yeyote aliyepokea barua ya kibali cha aina hii, au aliyepigiwa na "mwenzake wa Kilosa" mwenye masomo kama yake, awe alilipa au hakulipa, aniandikie faragha leo, na aende kituo kilicho karibu naye akachukue RB yake kabla hawajazitupa hizo laini.