Nilidhani spika zimepasuka

Sahani ya santuri niliuziwa na kijana mmoja hapa mjini. Jina nalihifadhi, hastahili hata kutangazwa bure. Ni albamu To Bring You My Love ya mwimbaji PJ Harvey, ile ya 1995.

Wimbo wa kwanza sina neno. Gitaa linaburuta miguu, kinanda kinavuma nyuma yake, na dada wa watu, aliyekulia shambani Dorset kwa Waingereza, anajitapa kazaliwa jangwani. Ni bluzi ya Mississippi kabisa, na ukimsikia unamwamini.

Balaa lilianza wimbo wa tatu, "Working for the Man". Besi inakoroma, sauti imezama kama mtu anayeongea kajifunika blanketi. Nikazima. Nikakagua nyaya, nikapuliza sindano, nikalaumu spika ambazo hazina kosa. Siku mbili tatu baadaye nikamrudia muuzaji. Mimi na mvi zangu, shikamoo sikupata. "Ndivyo ilivyo hiyo, mzee. Kama huelewi, kanunue taarabu."

Taarabu! Kana kwamba taarabu ni ya wasioelewa! Nilitoka pale natetemeka.

Nyumbani nikautafuta wimbo uleule kwenye simu. Unakoroma vilevile. Hapo ndipo hasira ilipozidi, maana yule asiye na adabu kumbe alisema kweli. Nikazima taa nikausikiliza upya. Anayeimba humo ni mtu anayezunguka na gari usiku akitafuta wa kupakia. Mtu wa namna hiyo atapazaje sauti? Nilisisimka. Basi nyota moja niliyokusudia kutoa nikaifuta, nikaandika tano.

Kisha ukaja "Down by the Water". Mama kamzamisha bintiye, na mwishoni anawanong'oneza samaki wamrudishe. Mke wangu akauliza kutoka jikoni, "Nani anasoma albadiri humu ndani?" Palepale sahani ikaanza kuruka. Safari hii ni mkwaruzo wa kweli, unauona kwa macho: samaki walewale, samaki walewale, mpaka uinuke ukaisukume sindano kwa kidole.

Kwa hiyo albamu nyota tano, duka sifuri. Au niseme nne, kwa sababu wimbo wa "Teclo" bado unanichosha.

Kuirudisha? Juzi nilifika nayo mpaka kituo cha daladala, nikageuka. Kwenye simu ule mnong'ono unakwisha upesi mno, nimeshauzoea wangu. Lakini pesa yangu bado namdai.