Tahadhari: Spilita ya HDMI Inauzwa Kariakoo kama Kifaa cha Kupata Skrini Mbili

Ndugu zangu, ninaandika tahadhari hii kwa walimu wenzangu, wahudumu wa mitambo makanisani na kumbini, na yeyote anayetaka kuunganisha kompyuta yake na monita pamoja na televisheni kwa wakati mmoja. Kuna muuzaji wa vifaa vya kompyuta huko Kariakoo, Dar es Salaam, aliyeniuzia vifaa viwili mfululizo kwa maelezo ya uongo, na ninaamini alijua kwamba anasema uongo. Duka silitaji jina, kwa kuwa nimeanza kudai haki yangu kwa utaratibu. Ninachotaka mkifahamu ni mbinu yenyewe, ambayo muuzaji mwingine yeyote anaweza kuitumia.

Ninafundisha hisabati ya tuisheni. Nilihitaji wanafunzi waone maswali kwenye televisheni ya ukutani, huku mimi nikiwa na majibu na orodha ya alama zao kwenye monita ya mezani. Nilimweleza muuzaji hivyo, tena kwa kurudia, kwamba kila skrini ionyeshe kitu chake. Nilimwonyesha pia picha ya upande wa nyuma wa kompyuta yangu kwenye simu. Aliitazama, kisha akanipa waya wa HDMI (ule wa kupitisha picha na sauti hadi kwenye skrini) wenye umbo la Y, kichwa kimoja upande huu na viwili upande ule, kwa shilingi 20,000.

Waya wa namna hiyo hauna saketi yoyote ndani yake. HDMI ni mawasiliano ya pande mbili: skrini huitumia kompyuta taarifa kuhusu vipimo vyake vya picha, na kompyuta hutuma picha inayolingana na taarifa hizo. Ukiunganisha skrini mbili kwenye nyaya zilezile bila kifaa cha kuzitenganisha, taarifa zinagongana na mawimbi yanadhoofika. Kwangu, kila nilipowasha televisheni, monita ilizimika.

Niliporudi dukani alisema nimechukua "ya kawaida", akanibadilishia kwa spilita, yaani kile kiboksi kidogo chenye waya wake wa umeme, nikaongeza shilingi 35,000. Hii iliwaka, na kwa hilo tu siwezi kusema ni kifaa kibovu. Kwa duka la televisheni linalotaka skrini nne zionyeshe mpira uleule, spilita inafaa kabisa. Lakini kazi yake ni kunakili picha moja na kuipeleka sehemu nyingi. Kompyuta inaona skrini moja tu, na hakuna mpangilio wowote utakaoifanya ione mbili. Tena mara nyingi picha hushuka ili ilingane na skrini yenye uwezo mdogo: televisheni yangu ya pikseli 1920 kwa 1080 ilishushwa hadi kiwango cha monita yangu ya zamani, na vipeo vya namba havikusomeka kutoka viti vya nyuma. Jambo lililoniumiza zaidi lilitokea siku ya kwanza ya kuitumia, pale nilipofungua orodha ya alama nikidhani ninaiona peke yangu, na darasa zima likasoma alama za mtoto aliyekuwa amefeli. Mtoto yule hakurudi kwa wiki nzima.

Nilipompigia muuzaji simu, alidai kwamba kompyuta yangu ndiyo yenye upungufu na kwamba ninunue kadi ya picha ya shilingi 180,000. Hapo ndipo nilipomwita fundi aje nyumbani. Fundi aligeuza kompyuta, akachomeka televisheni kwenye tundu la HDMI na monita kwenye tundu la VGA, lile la picha la aina ya zamani, lililokuwa wazi kando yake, akabonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi P, akachagua kupanua eneo la kazi badala ya kurudufisha picha. Kazi iliisha. Matundu yale mawili yalionekana wazi katika picha niliyomwonyesha muuzaji tangu siku ya kwanza, na waya wa VGA nilikuwa nao kabatini.

Kwa hiyo, kabla hujatoa fedha, hesabu kwanza matundu ya picha uliyonayo. Kompyuta nyingi za mezani zilizotumika maofisini, zinazoingizwa kutoka nje, zina mawili au zaidi, na sehemu ya kutengeneza picha iliyomo ndani ya prosesa (chipu kuu ya kompyuta) nyingi za Intel Core tangu kizazi cha tatu, mwaka 2012, inaweza kuendesha skrini tatu tofauti endapo matundu yapo. Kama tundu la pili ni la DisplayPort, yaani aina nyingine ya tundu la picha, na televisheni ina HDMI pekee, taja kwamba picha inatoka DisplayPort kwenda HDMI, kwa sababu nyaya nyingi za bei nafuu hupitisha upande huo mmoja tu. Wenye laptopu wasikubali kuuziwa adapta ya USB-C kabla ya kuthibitisha kwamba tundu lao linatoa picha. Mengine huchaji na kuhamisha mafaili tu. Ikiwezekana, nenda na kompyuta yako dukani, muuzaji aunganishe skrini mbili mbele yako, na uone zikionyesha vitu viwili tofauti.

Dai pia risiti ya EFD, yaani ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi. Mimi nilipewa karatasi ya mkono yenye maneno "mali ikishauzwa hairudishwi", nikaipokea kwa haraka ya kuwahi daladala, na sasa ndiyo inayonisumbua ninapoandaa malalamiko yangu kwa Tume ya Ushindani. Kama nawe umeuziwa spilita kwa ahadi ya skrini mbili tofauti, usiitupe; itunze pamoja na boksi lake, karatasi uliyopewa, na ujumbe wowote wa simu ambao muuzaji aliahidi jambo hilo kwa maandishi.