Miezi sita na asidi ya azelaiki kwa madoa ya chunusi

Nauza mitumba Busia, upande wetu wa Uganda, na kutwa nzima niko juani. Chunusi zilipoisha ziliniachia madoa meusi mashavuni, hasa shavu la kushoto nililozoea kutumbua. Kosa langu la kwanza lilikuwa mkorogo wa kopo lisilo na lebo. Uso ukang'aa wiki tatu, kisha ukaanza kuwaka hata nikinawa maji baridi. Nilipouacha, madoa yalirudi meusi kuliko mwanzo. Hidrokwinoni, ile kemikali ya kung'arisha ngozi, na zebaki zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini, lakini kopo kama lile nani ajuaye lina nini? Dada zangu, tafadhali msiguse.

Daktari wa ngozi Kampala aliniandikia krimu ya asidi ya azelaiki, asilimia 20. Asidi hii imo hata kwenye ngano na shayiri. Alinieleza kuwa inazuia kimeng'enya kinachotengeneza rangi ya ngozi, na inazilenga zaidi seli zilizozidisha kazi, kwa hiyo weusi wangu wa kuzaliwa hauguswi. Hilo ndilo lililonifanya niikubali. Mdogo wangu alipopata mimba na uso ukamwota madoa, naye aliruhusiwa kuitumia.

Napaka kiasi cha punje ya njegere, asubuhi na usiku. Wiki mbili za mwanzo iliwasha kama sisimizi wanatembea usoni, dakika kumi hivi, halafu basi. Ukipaka losheni ya kukinga jua kabla krimu haijakauka, inajiviringa vipandevipande kama uchafu wa kifutio. Subiri.

Mwezi wa kwanza sikuona kitu, nikakaribia kuacha. Wiki ya kumi madoa yakawa ya kahawia, kingo zikififia. Kisha losheni ya jua ikaisha, nami nikabana pesa, nikakaa wiki tatu bila kununua. Krimu sikuikosa hata siku moja, ila madoa yalikolea tena. Iliniuma sana. Sasa nanunua losheni kwanza, SPF 50 (kipimo cha kinga ya jua) yenye rangi ya kahawia, maana oksidi ya chuma inayoipa rangi hiyo hukinga hata mwanga wa kawaida unaokoleza madoa ya ngozi nyeusi, tena haikuachi na weupe wa majivu.

Leo shavu la kulia ni safi. La kushoto yamebaki matatu, karibu na taya, na tyubu ya nne nimeifungua juzi.